Bakonseye ya komine banaweza kulazimisha mwenye parsele ajenge choo?

Mama moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, aliniandikia hivi: "Metre, jambo yenu. Tuko lokatere (bapangaji) familia ine mu parsele moja, choo iko moja, na kisima iko karibu yake, pengine hatua kumi. Mvula ya mwaka ilipita kolera iliingia ku avenyu yetu, batoto ba jirani balilazwa. Mwenye parsele anasema kama choo haitufurahishi tuhame. Mu 2023 tulivoti bakonseye ya komine, mpaka leo sijaona kazi yabo. Banaweza tunga sheria ya kumulazimisha huyu muntu? Ao tulivoti bure?"

Mama, jambo, na pole kwa bale batoto. Mbele ya sheria yote, mayi ya ile kisima musikunywe bila kuichemsha ao kutia kloro, hata kama inaonekana safi. Choo kwa hatua kumi na kisima, na mvula yetu yenye inaanzaka novembre mpaka aprili, ile ni njia wazi ya kolera. Hiyo mufanye leo, kisha tuende ku swali yako.

Kwa kifupi: ndiyo, konseye ya komine inaweza tunga reglema, maana yake sheria ndogo ya komine, juu ya usafi mu maparsele, na komine inaweza tuma muntu ya servisi ya ijene (usafi) akuye kuona. Lakini reglema peke yake haitakuletea choo. Mimi kazi yangu ni kusoma hii mikanda ya makomine, na mukanda ikifika ku meza yangu sianzi na maartikle, ninaanza na bajeti. Ninatafuta kama kuko mustari yenye inatosha makuta kwa ile kazi reglema inalomba. Kama haiko, najua ile reglema itaikala mu kabati ya sekretere. Kwa hiyo musilombe bakonseye batunge marufuku tu, mulombe baandike mustari mu bajeti. Nitakueleza kwa nini, hata kama itakuwa murefu.

Tuone kwanza nani njo nani, juu bantu mingi banachanganya. Katiba ya 18 februari 2006, artikle 3, inasema muji, komine, sekta na shefferi ziko na utu wake mbele ya sheria, maana yake komine inaweza kuwa na mali yake, bajeti yake, inaweza kushitaki na kushitakiwa. Loi organike 08/016 ya 7 oktobre 2008 njo inaeleza namna inatembea: komine iko na konseye, ni bale tunachagua sisi wenyewe, na iko na kolleje ya kutenda kazi, ni burgumestre, adjwe yake na baeshevini babili. Kufuatana na ile sheria, konseye njo inachagua burgumestre. Muji nayo iko na konseye yake, yenye inachaguliwa na bakonseye ya makomine, na ile njo inapashwa kuchagua mere. Kartiye haimo mu ile orodha. Shefu ya kartiye ni mukono tu ya administrasio, hana bajeti yake, hawezi tunga reglema, kwa hiyo mukimulilia yeye kila siku juu ya choo munamulilia muntu mwenye hana kisu wala kifungulo. Anaweza kutoa ripoti, na ile ripoti ina kazi yake, nitarudia hapo.

Mu Lubumbashi, myaka mingi hii sheria ilikuwa ku karatasi. Mere na baburgumestre balikuwa banawekwa kutoka juu, konseye haikukuwa, muntu moja anaamua, yeye tena anajikontrole. 20 desembre 2023 njo mara ya kwanza chini ya hii katiba tulivoti bakonseye ya komine, na hata ile haikukuwa mu makomine yote ya inchi, ilikuwa mu miji mikubwa ya maprovensi. Wazee banakumbuka muji yetu ilishavoti mambo ya komine mu 1957, ikingali inaitwa Elisabethville, tena ilikuwa kati ya miji ya kwanza kabisa mu Kongo kufanya vile. Lakini kutoka pale mpaka 2023 ni mbali sana. Kwa hiyo bakonseye beko bapya mu kazi, na siye raia tuko bapya mu kubalomba mahesabu, na hapo njo minaona wewe hukuvoti bure, juu mbele hakukuwa hata mulango ya kupiga hodi.

Sasa, konseye ya komine inaweza nini? Mambo ya faida ya komine: barabara ndogo ndogo, kanivo, soko ya komine, taa, usafi, na juu ya yote kuvoti bajeti ya komine na kuuliza burgumestre alifanya nini na ile makuta. Mambo yenye inapita mupaka ya komine moja, sawa vile kanivo kubwa zenye zinatoka komine moja zinamwanga ku ingine ao mahali ya kutupa buchafu ya muji muzima, ile ni ya muji. Na juu yabo bote kuko guverneri ya provensi mwenye anaangalia maamuzi yabo, zingine lazima ayaone mbele ziingie mu kazi, bajeti iko kati ya zile. Hii ni lazima muijue juu bakonseye banaweza voti kitu muzuri kisha ikakwama kule juu, na raia banabaki kutukana burgumestre bure.

Kuko na bintu habawezi hata bakitaka. Bulongo kwanza. Loi ya 20 juliye 1973 inasema bulongo ni mali ya Leta peke yake, na haki ya kutumia parsele inathibitishwa na sertifika ya enrejistreman yenye inatoka kwa konservatere (mukubwa ya ofisi ya bulongo), haitoki ku komine. Ile fishi bantu banapata ku kartiye ao komine haiwape haki ile. Kwa hiyo konseye ya Katuba haiwezi kunyanganya muntu parsele juu choo yake ni mubaya. Ya pili ni taksi, maana yake malipo yenye komine inalomba bantu: haiwezi kuanzisha taksi yenye haimo mu liste ya ordonansi-loi 18/004 ya 13 marsi 2018. Ya tatu ni afya. Hospitali na santere ya afya ziko chini ya zoni ya sante (eneo ya kazi ya afya), na mistari ya zoni haifuate mistari ya komine. Makomine yetu ni saba, lakini zoni ya sante ni mingi zaidi, kuko Katuba, Kenya, Kisanga, Mumbunda, Vangu, Tshamilemba na zingine. Muganga mukubwa ya zoni hapokei komande ya burgumestre. Eko na ujuzi wa kolera lakini hana mamlaka juu ya parsele, komine iko na mamlaka juu ya usafi lakini haina maabara ya kupima mayi. Kama habaikale ku meza moja, ugonjwa unapita katikati yabo, na hii minaisema kwa uchungu juu kila mvula tunaiona.

Turudie ku choo yako, juu hapa njo kuko ukweli wenye reglema mingi zinakimbia. Kanuni yenye bafundi ya mayi na usafi banafuata ni choo ya shimo ikuwe mita 30 hivi mbali na kisima, na chini ya shimo ikuwe mita 1.5 juu ya mayi ya bulongo. Sasa chukua parsele ya kawaida ya cité, tuseme mita 15 kwa 25. Hata ukiweka choo mu kona moja na kisima mu kona ya ingine kabisa, haufiki mita 30. Na hata ukifika, choo ya jirani iko nyuma ya lupango, mita tatu na kisima yako. Sasa konseye ikiandika "ni marufuku kuwa na choo chini ya mita 30 na kisima", imeandika nini? Imefanya parsele yote ya avenyu yenu kuwa na kosa siku moja. Ajan ya ijene akipita anaweza andikia kila mulango faini, na mara mingi mwenye anakutwa nyumbani saa ine ya asubui si mwenye parsele, mwenye parsele anaikala mbali, anakutwa mama lokatere na beseni ya kufua. Yeye njo analipa. Mvula ikirudi choo iko pale pale, kisima iko pale pale.

Kwa ukubwa wa maparsele yetu, kisima na choo habawezi kuikala pamoja, moja lazima itoke. Na choo haiwezi kutoka, bantu babili ao makumi mbili banahitaji choo. Kwa hiyo kisima njo inapashwa kuacha kuwa mayi ya kunywa, na ile haiwezekani kama hakuna robine karibu. Hapo kazi inatoka mikononi mwa mwenye parsele inaingia ya komine: robine ya bantu bote ku kila mustari ya maavenyu, pamoja na REGIDESO (kampuni ya mayi ya Leta) ao na kisima kirefu cha kuchimbwa na mashini chenye kinapimwa na kinalindwa. Loi ya mayi ya 31 desembre 2015 inapatia maprovensi na makomine sehemu mu kazi ya kuleta mayi, kwa hiyo hakuna mwenye atasema si kazi yetu. Na artikle 48 ya katiba inasema wazi haki ya nyumba ya heshima na haki ya kupata mayi ya kunywa, zote mbili mu sentensi moja, na minafikiri bale baliandika balikuwa na sababu ya kuziweka pamoja.

Reglema muzuri basi, kwa maoni yangu, ingeandikwa hivi: mwenye analipisha nyumba kwa familia mingi mu parsele moja apashwe kuwa na choo ya kutosha, hesabu iandikwe wazi kwa kila idadi ya bantu, apewe muda wa kujenga, faini imufuate yeye mwenye anapokea lwaye (makuta ya kupanga nyumba), isifuate lokatere. Na artikle ya mwisho iseme komine itaweka robine wapi na makuta itatoka ku mustari gani. Bila ile artikle ya mwisho mimi siwezi kuishauria konseye kuivoti, juu ingelipisha tu bantu maskini. Hii si woga ya bure. Muji yetu ilijengwa kutoka 1910 na sheria za usafi zenye zilitumika kutenga bantu: kati ya muji ya bazungu na cité ya beusi baliacha eneo tupu, baliita kordo saniteri, sababu balisema ni malaria. Kwa hiyo neno "ijene" mu mudomo ya mukubwa, bantu ba hapa banajua linaweza kuja na bulldoza nyuma yake. Konseye yenye inachaguliwa na bantu inapashwa kufanya tofauti na pale.

Utasema: lakini kuko pahali konseye ya muji iliweza kweli kubadilisha nyumba na afya? Iko. Vienna, kule Autrishi, nyuma ya vita ya kwanza ya dunia. Kifua kikuu kilikuwa kingi mpaka bantu balikuwa banakiita ugonjwa ya Vienna, familia za bafanyakazi zilikuwa zinalala bantu mingi mu chumba moja, robine na choo mu koridori kwa bote. Mu 1922 muji ikapata hali ya provensi, maana yake ikaweza kuweka kodi yake yenyewe, na hapo njo kuko siri yote. Mu 1923 konseye ya muji ikavoti kodi ya nyumba yenye ilipanda kufuatana na utajiri, villa kubwa ilipe mingi, chumba ya mufanyakazi ilipe kidogo sana, na ile makuta ikafungwa kwa kazi moja tu, kujenga. Mwaka ule ule bakaamua kujenga nyumba 25,000 mu myaka mitano. Mpaka 1934 balikuwa bameshajenga zaidi ya 60,000, kila moja na choo yake na robine yake ndani. Reglema, kodi na ujenzi zilikuwa ku meza moja, mu mikono ya bantu balebale.

Siye hatuna ile mamlaka ya kodi, nilishasema. Lakini si kwamba komine haina haki ku makuta yote. Katiba, artikle 175, inapatia maprovensi 40% ya mapato ya taifa, na loi ya 2008 inasema makomine na bale benzake bapate 40% ya ile fungu ya provensi. Ku karatasi ni 16 ku 100 ya mapato ya taifa kwa makomine, miji, masekta na mashefferi ya inchi nzima. Bantu bote bana kazi mu komine banajua namna ile retrosesio (kurudishiwa ile fungu) inafika, ao haifike. Kuko tena redevansi ya mine, malipo yenye makampuni ya mine banatoa: kitabu ya sheria ya mine kama ilivyobadilishwa 9 marsi 2018 inagawa 50% kwa Leta, 25% kwa provensi, 15% kwa komine ao sekta yenye mine iko ndani, na 10% kwa fondo ya vizazi vya kesho. Kwa hiyo Ruashi yenye iko na mine inapata kitu, Katuba yenye haina mine ndani haipati mu ile fungu, hata kama muntu ya Katuba njo anaamka saa kumi anaenda kufanya kazi mu mine na kurudi na vumbi yake. Hii minaiona haiko sawa na minaisemaka kila pahali naitwa. Konseye ya muji ingekuwa pahali ya kuzungumuza ile, juu kolera haiulize kama uko Ruashi ao Katuba.

Sasa wewe na mwenye parsele yako, juu huwezi kungojea bajeti ya mwaka unakuja. Code civil yetu (sheria ya raia), kitabu ya tatu, dekre ya 30 juliye 1888, inalazimisha mwenye anapangisha atunze nyumba ikuwe mu hali ya kutumika kwa kazi yenye ilipangishiwa. Nyumba ya kuikala bila choo ya kutosha haiko mu hali ile. Tena loi 15/025 ya 31 desembre 2015 juu ya lwaye inalomba kontra iandikwe, na garanti ya nyumba ya kuikala isipite myezi mitatu. Kama alikulombisha sita, ile nayo unayo ku mukono. Mukikosana, mbele ya tribinali kuko kusikilizana ku servisi ya abita ya komine. Mwende familia zote ine pamoja, siku moja, na mikanda ya malipo, juu muntu moja peke yake ni rahisi kumufukuza, familia ine ni lwaye ya parsele yote. Na musikatae kulipa lwaye kwa hasira, ile inamupatia yeye sababu.

Kwa upande ya konseye, mutumie artikle 27 ya katiba: kila Mukongomani anaweza kupeleka petisio (barua ya kulomba) kwa mamlaka ya Leta, peke yake ao na benzake, na mamlaka inapashwa kujibu mu myezi mitatu. Andikeni ukurasa moja, si zaidi. Semeni avenyu, parsele ngapi, familia ngapi, choo ngapi, robine ya karibu iko umbali gani, bantu bangapi baligonjwa mvula iliyopita. Muweke ndani ripoti ya shefu ya kartiye na, kama rele ya afya ya avenyu yenu (muntu ya kujitolea mwenye anafuata mambo ya afya) anakubali, na yeye aandike yenye aliona. Kisha mulombe bintu bibili kwa majina: robine moja pahali fulani, na mustari mu bajeti ya mwaka unakuja yenye inailipa. Mukilomba "mutusaidie na kolera" batawajibu kwamba banashugulika, na ile jibu haiwezi kupimwa. Mukilomba mustari ya bajeti, itakuwemo ao haitakuwemo, na mwaka wa voti munajua nani alivoti nini.

Mufanye hii mbele bajeti haijavotiwa, juu nyuma yake hata konseye mwenye roho muzuri atakuambia angojee mwaka ingine. Ku kikao ya bajeti mukuye kusikiliza, hata babili batatu, mukae kimya nyuma na kuandika. Bakonseye banasema tofauti kabisa kama kuko muntu ya avenyu yabo mu sale.

Petisio muitoshe kopi tatu. Moja ku sekretaria ya konseye, moja kwa burgumestre, ya tatu mubaki nayo, lakini lomba wapige kashe na kuandika tarehe juu yake palepale, usitoke mbele ya ile kashe. Myezi mitatu inahesabiwa kutoka ile tarehe. Wakikatala kupiga kashe, rudia kesho na jirani babili, muandike majina yenu, siku na saa mulifika, kisha muniandikie tena.